Mabusaidi, Unguja na Maskati

Waunguja tunaoishi Maskati, mji mkuu wa Oman, tunapokutana barazani, hakosekani wa kusema kwamba mji wetu ulijengwa na Al Busaid, ukoo wa masultani wa Oman na Zanzibar, akayataja majumba ya Forodhani kuwa ushahidi. Maneno hayo ni kweli nusu. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alihamishia makao yake Unguja kwa kuwa mali ilikuwa huko: karafuu, pembe za ndovu na, tusifiche, binadamu waliouzwa. Wanawe walipogombea urithi, Waingereza waliamua mwaka 1861 kwamba Majid abaki na Zanzibar na Thuwaini na Maskati, kwa sharti kwamba Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Basi nani alikuwa akimtegemea mwenzake?

Athari pia haikwenda upande mmoja. Jioni pale Mutrah, mtaa wa bandarini hapa Maskati, nanunua mishkaki ya kuchovya katika ukwaju kwa mzee ambaye, nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba na kuniuliza habari za mtaa wa Malindi kule Unguja. Waliokimbia Mapinduzi ya 1964, na walioitwa na Sultan Qaboos wa Oman baada ya 1970, walikuja na Kiswahili chao, nacho bado kinasemwa majumbani.

Kwa utunzaji, Maskati imetushinda, wala sioni sababu ya kubisha: ngome zimekarabatiwa na kuta ni nyeupe pepepe. Lakini karibu na kasri, magharibi ikiingia, njia huwa tupu, ilhali Mji Mkongwe, pamoja na chokaa yake inayobanduka, bado una watoto vichochoroni na nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Nyumba nyingi zilizotaifishwa huko baada ya Mapinduzi zilipewa familia zisizo na uwezo wa kuzitengeneza, na serikali nayo ikachelewa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Hata hivyo, kwetu mgeni hufikishwa Mkunazini, akaonyeshwa kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Huku, katika baraza zetu, habari hiyo ikitajwa mazungumzo hugeuzwa upesi. Kwa hiyo sioni ubaya Oman kugharimia ukarabati wa Beit al-Ajaib, mradi maelezo yatakayobandikwa ndani yawataje pia watumwa waliochuma karafuu zilizoutajirisha ukoo huo.