Bosi Mwenye Chawa Wake

Kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi noti ya Side, naomba na mimi nisikilizwe. Sikuiba bata wa mtu. Ni bata mwitu, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi. Nilimkuta kwenye dimbwi pale Jangwani asubuhi baada ya mvua, bawa limelegea, watu wanampita tu. Mimi na huruma zangu za kiherehere nikamtia ndani ya koti, nikafunga zipu, nikarudi Magomeni kupanda daladala la Mwenge nimpelekee Side. Si ndiye daktari wa mifugo wetu?

Nikapata siti ya dirishani. Pembeni yangu mama wa makamo, mtandio mweupe pe. Njia nzima namnong'oneza bata: "Vumilia baba, tunakaribia." Kumbe tangu Mkwajuni nilikuwa nafariji maiti.

(Wewe unayecheka, subiri, bado hatujafika.)

Chawa wa bata anaishi kwenye manyoya, na joto la bata ndilo linalomweka mjini. Mwenye nyumba akipoa, mpangaji anahama. Mimi ningelijulia wapi hilo?

Wa kwanza alitokea kwenye ukosi. Namwona kwa jicho la pembeni: bapa, hudhurungi, urefu unakaribia punje ya mchele. Akasimama kidogo kama abiria anayetafuta kituo. Kisha akatimua mbio begani, akateremka mkono wa koti hadi kwenye kiwiko, na kiwiko changu ndicho kilichokuwa kimegusana na mtandio wa mama. Nikapiga bismillah. Nikampuliza, fuu. Pumzi ikampitia mama shingoni.

Akageuka. Akamtazama chawa. Akanitazama mimi. Akatazama zipu, ambako wengine watatu walikuwa wanatoka mmojammoja, kwa foleni, nidhamu ambayo hata sisi kituoni hatuna.

"Mwanangu," akasema kwa upole, upole ulioniua kuliko matusi, "una chawa."

"Nani ana chawa?" Konda huyo.

Sauti ikatoka siti ya nyuma: "Huyu? Mtu anapanda daladala, chawa wa kumsifia nini?"

Gari zima likaangua kicheko. Nikainuka nijitetee, zipu ikaachia, kichwa cha bata kikaning'inia nje, shingo ndeeefu. Kicheko kikakatika. Mtu akataja uchawi.

"Suka, shusha hapa! Shusha!"

Morocco hiyo. Nauli sikurudishiwa.

Mengine mnayajua. Nilitembea hadi Mwenge, koti nikalitupa njiani, nikaingia kwa kinyozi wa kwanza niliyemwona, nikanyoa kipara. Side aliponiona alikaa chini kwanza. Alipomaliza kucheka ndiyo akanieleza: hao ni chawa wa bata, wengi wao wanatafuna manyoya tu, kwa binadamu hawana maisha, wakimkosa ndege wanakufa baada ya siku chache. Kichwani kwangu hakukuwa na la kuwafaa hata kabla ya kinyozi.

Halafu akachukua simu, akabonyeza kurekodi.

Leo tangu asubuhi kila anayenipigia anaanza na "Shikamoo bosi, chawa wako wanakusalimia." Ninyi wawili wa pale juu nimeshawabloku. Na mama wa mtandio, kama uko humu, nadaiwa sabuni.