Asilimia 92 ya sloti na mizani ya Kirumba

Pale Mwaloni Kirumba, mnunuzi wa dagaa akiitilia shaka mizani hana haja ya kubishana sana. Anaomba jiwe la kilo, linawekwa kwenye sahani mbele ya macho yake, na mshale unatoa jibu. Juu ya hapo kuna stika ya Wakala wa Vipimo inayoonyesha kuwa mizani hiyo imekaguliwa. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, katika kumbi za michezo ya kubahatisha mjini Mwanza, mtu huyo huyo anaambiwa kwamba mashine ya sloti inarudisha asilimia 92 ya fedha zinazochezwa, na hapo hakuna jiwe la kuombwa. Ndiyo maana malalamiko kwamba mashine "zimechakachuliwa" hayaishi, na ndiyo maana yanastahili kupimwa kwa utulivu badala ya kupuuzwa.

Nianze na nilichokiona. Kijana mmoja, mchuuzi wa dagaa, aliingiza shilingi 10,000 kwenye mashine yenye dau la shilingi 200 kwa mzunguko, nami nikakaa pembeni yake na daftari. Ndani ya dakika 40 hivi alizungusha mara 400. Alishinda mara nyingi, kidogo kidogo, na kila alichoshinda akakirudisha kwenye mchezo hadi salio likasoma sifuri. Aliponyanyuka alisema ameibiwa, kwa sababu mashine ya asilimia 92 ilipaswa kumwachia shilingi 9,200. Daftari langu lilisema jambo jingine: alikuwa amecheza madau ya jumla ya shilingi 80,000 na kulipwa shilingi 70,000, yaani asilimia 87.5.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Asilimia inayotangazwa haihesabiwi kwenye fedha mtu alizotoka nazo nyumbani, bali kwenye jumla ya madau yote, yakiwemo yale yanayotokana na ushindi wake mwenyewe. Kwa dau la shilingi 200, asilimia 8 inayobaki kwa mwenye mashine ni shilingi 16 kwa mzunguko, kiasi ambacho hakuna anayekisikia kikiondoka. Lakini kwa mizunguko 10 kwa dakika, ndani ya saa moja ni shilingi 9,600. Mashine inaweza kutimiza ahadi yake barabara na kijana akaondoka mikono mitupu.

Je, ile tofauti kati ya 92 na 87.5 si ushahidi wa wizi? Si ushahidi. Malipo ya sloti hayaji kwa usawa, kwani sehemu kubwa ya marejesho imefungwa kwenye ushindi mkubwa unaotokea kwa nadra, na kwa mizunguko 400 tu matokeo yanaweza kuachana na kiwango kilichotangazwa kwa makumi ya asilimia, juu au chini. Ili kukikaribia kiwango halisi inahitajika mizunguko ipatayo milioni moja, na kwa mwendo wa kijana yule hiyo ni kazi ya siku 69 usiku na mchana bila kupumzika. Mchezaji peke yake hawezi kuipima mashine hata akiwa na daftari zuri kiasi gani.

Wanaozitetea mashine wana hoja nzito. Biashara hii haihitaji kuiba, kwa kuwa hesabu yenyewe tayari inampa mwenye ukumbi faida ya uhakika, naye akikamatwa anadanganya anahatarisha leseni yenye thamani kuliko sarafu za wachuuzi. Katika jimbo la Nevada, Marekani, sheria inaweka kiwango cha chini cha marejesho cha asilimia 75, na kila mwezi mamlaka huchapisha kiasi kilichobaki kwa kasino kwa kila aina ya dau. Takwimu hizo huonyesha kuwa mashine za dau dogo hubakiza zaidi kuliko za dau kubwa, jambo ambalo mchezaji wa kipato cha chini anastahili kulijua kabla ya wengine wote.

Hata hivyo, ni Nevada hiyo hiyo ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 mashine za poka za kampuni ya American Coin ziligundulika kuwa na programu iliyozuia ushindi mkubwa, na kampuni ikapoteza leseni. Mwaka 1995 alikamatwa Ron Harris, fundi wa mamlaka yenyewe ya ukaguzi, aliyekuwa amechezea programu za mashine alizopewa kuzikagua. Yeye aliwaumiza wenye kasino, si wachezaji, lakini somo kuhusu ukaguzi wa siri ni lile lile. Upo pia udanganyifu wa macho ulio halali kabisa: tangu hataza ya mvumbuzi Inge Telnaes ya mwaka 1984, gurudumu la mashine linaloonyesha alama 22 linaweza kuongozwa ndani, kwa programu, na nafasi 64, kiasi kwamba kwa magurudumu matatu ushindi unaoonekana kuwa mmoja kati ya 10,648 ni mmoja kati ya 262,144.

Kwa maoni yangu, mashine yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003, ina uwezekano mkubwa wa kulipa kama inavyotangaza. Siwezi kusema hivyo kuhusu dubwi, yaani mashine ya sloti ya mtaani, lisilo na leseni lililofichwa nyuma ya kibanda kwenye mialo ya visiwani, kwa sababu hilo halina kiwango chochote cha kulidai. Mwenye nalo hulipanga apendavyo. Ila hata kwa zile zenye leseni, uaminifu usioweza kuhakikiwa na anayelipa haunitoshi. Bodi ichapishe marejesho halisi ya mashine kwa kila mkoa, na kila mashine ilazimishwe kuonyesha kwenye kioo, tangu mteja anapoingiza fedha, jumla ya alichocheza na jumla ya alicholipwa. Kijana yule angeiona ile 80,000 ikipanda kando ya 70,000 yeye mwenyewe, bila daftari langu, na pengine angeiona ilipokuwa bado 20,000.