Watoto Wananizuia Kuwashonea Watoto

Ninatoa malalamiko yangu rasmi dhidi ya watoto watatu wanaoishi nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam, ambao nimejitolea kuwashonea nguo kwa mikono yangu mwenyewe, na ambao kila jioni, mara tu ninapopitisha uzi kwenye tundu la sindano, huanza kudai chakula. Sisemi kwamba hawana haki ya kula. Ninachouliza ni kwa nini njaa yao haiji ninapokuwa ninafua au ninapokunja nguo, bali hungoja hadi nifike kwenye kwapa la gauni, pale mkono wa nguo unapokutana na kiwiliwili, mahali ambapo hata fundi mzoefu huacha kuongea.

Cherehani ninayotumia ni ya miguu, Singer nyeusi niliyorithi kwa marehemu mama, na ninaisifu kwa jambo moja kubwa: umeme ukikatika, mtaa mzima hunung'unika gizani wakati mimi ninaendelea kukanyaga kwa mwanga wa tochi ya simu. Kasoro yake ni kwamba kile kikanyagio cha chuma kiko chini, na chini ndiko anakoishi kitinda mimba wangu, ambaye anaamini kwamba kiliwekwa pale kwa ajili ya kumbembeza yeye. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851, na tangu wakati huo wahandisi wameongeza zigizagi, taa, injini na hata kompyuta, lakini hakuna hata mmoja aliyefikiria mahali pa kumweka mtoto wa miaka miwili wakati mama yake anapiga pindo.

Kuhusu vipimo nitasema machache, kwa sababu nikisema yote nitalia. Mtoto anayeweza kukaa mbele ya katuni bila kupepesa jicho hawezi kusimama wima kwa muda wa kuzungusha futi kiunoni. Ukimshika kiuno anacheka, ukimshika bega anasema anataka kwenda msalani, na ukishafanikiwa kuandika namba zote kwenye daftari na kukata kitambaa, anaanza kurefuka kwa makusudi.

Halafu kuna mkasi. Mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine chochote isipokuwa kitambaa, na sheria hii nimeitangaza nyumbani kwa sauti ambayo majirani wanaweza kuthibitisha. Hata hivyo, mwanangu mkubwa ameutumia kukatia maboksi ya kazi ya shule, dada wa nyumbani ameutumia kukatia mapezi ya samaki, na baba watoto ameutumia kufungulia mfuko wa saruji, kisha akaurudisha mahali pake taratibu kama mtu mwenye adabu. Sasa haukati, unatafuna.

Jambo lililoniumiza zaidi, hata hivyo, ni la khanga. Kwa wasiojua kushona, naomba waelewe kwamba khanga moja ina upana wa takribani sentimita 150 na kimo cha sentimita 110, ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya pindo la chini. Nilikuwa na doti moja nzuri ya rangi ya chungwa, yenye jina lisemalo HASIDI HANA SABABU. Niliiloweka kwanza, kwa kuwa pamba hurudi ikifuliwa, nikaikausha, nikaipiga pasi, nikaikata gauni la binti yangu wa miaka minne, na kwa kuwa jina ndilo uzuri wa khanga, nilitaka lionekane kifuani. Ukishatoa sentimita moja na nusu ya mshono kila upande, kifua cha mtoto wa miaka minne hubakiwa na nafasi ya neno moja tu. Likabaki neno la kwanza. Mengine yakaenda mgongoni.

Jumapili hiyohiyo mama mkwe akaja kutoka Bagamoyo bila taarifa. Binti akatoka mbio akiwa na gauni lake jipya, akasimama mbele ya bibi yake, akasema, "Shikamoo bibi," huku kifuani ikisomeka HASIDI. Bibi akavaa miwani. Akasoma tena. Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Na huyo hasidi ni nani humu ndani?" Mtoto, kwa fahari ya kuonyesha nguo upande wa pili, akageuka, na mgongoni ikasomeka HANA SABABU. Ninawalaumu wanaotunga majina ya khanga. Kwa nini waandike sentensi nzima, wakijua kabisa kwamba nchi hii ina watoto wembamba? Wangeandika ASANTE na kuishia hapo.

Baba watoto, ambaye ni mtu mwema ila anapenda hesabu kupita kiasi, alijumlisha bei ya khanga, uzi, lastiki, zipu, nauli ya daladala hadi Mtaa wa Uhuru kule Kariakoo, pamoja na fedha za fundi wa ovaloki anayefunga kingo za kitambaa zisifumuke, akatangaza kwamba kwa kiasi hicho angepata soko la Karume magauni manne ya mtumba yenye lebo za Ulaya. Nilimjibu kwamba magauni hayo hayana majina ya khanga. Akasema hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Kazini nako hakuna amani. Katika kikao cha bajeti, mkuu wa idara alipokuwa akieleza matumizi ya robo mwaka, mimi nilikuwa nikitazama kola ya koti lake, ambayo upande wa kushoto imekaa juu kuliko wa kulia, na aliponiuliza kama ninakubaliana na pendekezo, nilimwambia kwamba lifumuliwe lote lianzwe upya. Wenzangu walipiga makofi. Pendekezo likarudishwa.

Jana uzi ulijikusanya chini ya kitambaa kama tambi za futari, na kila aliyepita aliilaumu bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini, ingawa kwa kawaida fujo ya chini husababishwa na uzi wa juu usiokaa sawasawa, jambo ambalo watumishi wa ofisini kwetu wangelielewa haraka. Nilipokuwa nikiupanga upya, wali wa mchele wa Kyela ukashika chini. Watoto hawa, ambao kwenye harusi hugombea ukoko hadi kupigana vikumbo, walinitazama kana kwamba nimewapa adhabu.

Sasa mwanangu mkubwa amerudi kutoka shuleni na habari kwamba Ijumaa ni siku ya utamaduni, kwamba darasa zima litavaa vazi la asili la aina moja, na kwamba mwalimu alipouliza nani mama yake ana cherehani, yeye alinyoosha mikono yote miwili. Darasa zima! Nimemwandikia mwalimu ujumbe mrefu na mkali, kumweleza kwamba mimi ni mwajiriwa, nina watoto watatu, nina mkasi mbovu, na kwamba vipimo vya vifua anavyotaka kunitumia vinifikie kabla ya kesho saa nne, kwa sababu maduka ya Mtaa wa Uhuru hujaa mapema.