Deni la binti wa dada yangu na kamati ya mishahara

Jumamosi iliyopita binti wa dada yangu alikuja kwetu na bahasha mkononi, akaiweka juu ya meza ya jikoni kabla hata hajavua koti. Ndani mlikuwa na taarifa ya mwaka ya mkopo wake wa chuo. Alimaliza masomo hapa Uingereza miaka minne iliyopita, anakatwa kila mwezi kwenye mshahara, na bado deni limezidi, kwa sababu riba inakua upesi kuliko makato. Alinionyesha kwa kidole mstari wa riba, kisha mstari wa alicholipa, akauliza, "Mama mdogo, hizi pesa zilikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilifungua ripoti ya fedha ya chuo alichosoma, nikatafuta ukurasa wa malipo ya makamu mkuu wa chuo, ambaye ndiye hasa anayekiendesha chuo, na tangu hapo hasira haijanitoka.

Hata hivyo, hasira isinisemeshe uongo. Tuchukue Chuo Kikuu cha Bath, ambacho habari zake zilijulikana nchi nzima. Mwaka 2017 makamu mkuu wake, Profesa Glynis Breakwell, alikuwa akilipwa pauni 468,000 kwa mwaka. Ada wakati huo ilikuwa imefika pauni 9,250, kwa hiyo ada za wanafunzi 50 hazikutosha kumlipa mtu mmoja. Lakini ukiugawa mshahara huo kwa wanafunzi wote wa chuo, waliozidi 15,000, kila mmoja anabeba chini ya pauni 32. Watetezi wa mishahara hii huipenda hesabu ya pili, nami nakubali, kwa shingo upande, kwamba ni sahihi. Kilichopandisha ada ni maamuzi ya serikali na Bunge: pauni 1,000 mwaka 1998, 3,000 mwaka 2006, kisha 9,000 mwaka 2012, ruzuku ya kufundishia ilipopunguzwa.

Ninachokilalamikia ni kwamba ada hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa mishahara ya namna hii. Ruzuku ilikuwa na mwenyewe, yaani Hazina, ambayo ilijua kuuliza imetumikaje. Fedha za kijana wa miaka 18 hazina wa kuziulizia: chuo hupokea ada yote ndani ya mwaka, naye huachwa na deni ambalo, kwa waliojiunga kati ya 2012 na 2023, hudumu hadi miaka 30. Wanaokaa kupanga mshahara wa mkubwa wao hawamwoni mwenye deni akiwa amekaa mbele yao.

Pale Bath, Profesa Breakwell alikuwa mjumbe wa kamati ya mishahara, ingawa alitoka nje wake ulipojadiliwa. Februari 2017 hoja ya kuilaumu kamati hiyo ilipelekwa kwenye baraza la chuo, naye akaipigia kura, na hoja ikaanguka kwa tofauti ya kura tatu. Wazee wetu walisema kesi ya nyani hakimu ngedere, nami sioni maneno yanayofaa zaidi. Chombo cha serikali kilichosimamia vyuo kilikosoa mwenendo huo, na Novemba akatangaza kuondoka, kwa masharti yaliyojumuisha likizo ya utafiti ya miezi sita kwa mshahara kamili na kufutiwa mkopo wa gari wa pauni 31,000 hivi.

Kuongoza chuo kikuu ni kazi nzito, na Bath ilipanda sana katika orodha za ubora chini yake. Ni kweli pia kwamba mwongozo uliotolewa mwaka 2018 unataka makamu mkuu asiwe mjumbe wa kamati hiyo. Lakini katika vyuo hivyohivyo wapo wahadhiri wanaofundisha kwa mikataba ya miezi tisa, wasiojua kama Septemba watakuwa na kazi, na wao ndio waliomfundisha binti yetu.

Jumapili nilimpigia simu nikamsomea tarakimu hizi moja baada ya nyingine. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ule mkopo wa gari ulikuwa na riba. Nikamwambia haukuwa nayo.