Simba Hajawahi Kushindwa na Gari

Jamani, mtu anayedhani kumfundisha mbwa asifukuze magari ni kumwambia "acha" naye akaacha, huyo ama hana mbwa, ama mbwa wake ni wa plastiki.

Mimi nina Simba. Jina alipewa akiwa bado anayumba akitembea, hatukujua kama atalibeba kwa uzito wote huu. Gari linapita kilomita 50 kwa saa. Yeye, mbwa wa kawaida, akijikamua sana huenda 30 na ushee. Hata greyhound, wale waliozaliwa kwa ajili ya mbio, ukomo wao ni kama 70, tena kwa muda mfupi. Sasa unafukuza nini, mwanangu? Na ukilikamata utalifanyaje? Leseni huna.

Ila hebu litazame jambo hili kwa macho yake. Gari linatokea. Anatoka mbio, anabweka. Gari linaondoka. Kila mara linaondoka! Hakuna hata siku moja gari lilisimama likamwambia, "Haya, leo tuyamalize." Kwa hesabu za Simba, tangu azaliwe hajapoteza pambano. Halafu mimi, niliyesimama getini na ndala mguu mmoja, ndiye nimwambie mbinu yake haifai? Kwa rekodi gani niliyo nayo?

Madereva nao hawasaidii. Kuna anayepiga honi, na kwa Simba hicho ni kilio cha adui. Kuna anayekanyaga mafuta, ushindi huo. Na kuna yule anayepunguza mwendo, anashusha kioo, kisha ananitukana mimi. Mimi! Aliyemkimbiza ana miguu minne na yuko pale pembeni anahema kama kamanda aliyeteka mji.

Washauri ndio usiseme. Mtu hajawahi kufuga hata kuku, anakuambia mchape akirudi. Akirudi! Yaani mbwa kafukuza, kageuka, kaja kwangu mkia juu, apokelewe na fimbo. Atajifunza kimoja tu hapo: kutorudi. Mwingine akasema panda gari, ukipita mmwagie maji. Ili iweje? Mwenyewe siku zote anashuku kwamba magari yana nia mbaya. Sasa nimletee na ushahidi.

Wasomi wakaniletea habari za Pavlov, yule mtafiti aliyewazoesha mbwa kudondosha mate kwa kusikia tu ishara ya chakula. Sawa, namheshimu. Lakini Mrusi yule alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, tena kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, na mbwa wake walikuwa wamefungwa mikanda ndani ya maabara. Enzi hizo magari yenyewe barabarani yalikuwa ya kuhesabu. Ningependa nimwone na vifaa vyake kando ya lami, saa ya watu kutoka kazini.

Dawa ipo, sikatai. Inataka subira, na inataka nyama. Kwanza kamba, kwa sababu mbwa aliyeachiwa huru hahitaji zawadi yako. Mbio zenyewe ndiyo zawadi, na kila akikimbia ndivyo hamu inavyozidi. Kamba iwe ndefu, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, maana akifika mwisho wake kwa kasi ile, shingo ndiyo italipa. Kisha umbali. Usimame mbali na barabara, mbali hasa, pale analiona gari lakini bado ana akili zake. Ukisogea mno, jina lake halijui, nyama haioni, na wewe unayemlisha hakutambui.

Halafu kuna nukta moja, ukiikosa umekwisha. Simba akiwa katulia anahema, ulimi nje. Gari likija, naye hulisikia kabla yangu, mdomo unafumba. Masikio yanalala mbele, mkia unakakamaa, uzito unahamia miguu ya mbele, makucha yanashika udongo. Hapo hapo, kati ya mdomo kufumba na mguu kunyanyuka, ndipo unaita jina na nyama iwe imeshafika puani. Puani, si mfukoni! Ukianza kupekua mfuko, zinatoka funguo, inatoka risiti, kinatoka kitambaa, mbwa keshakata kona.

Na zoezi linaanzia kwenye gari lililozimwa. Nyama. Linalonguruma bila kwenda. Nyama. Linalotambaa. Nyama. Sasa gari la kutambaa nalitoa wapi? Kwa jirani. Nimemsihi apite mbele yetu polepole, aende arudi, aende arudi, asipige honi, na asicheke. Akauliza swali moja tu: mafuta anaweka nani? Na ndani kwangu nako naulizwa ilikuwaje nyama ya mbwa ikatwe vipande vizuri hivyo, ilhali kisu nadai sikijui.

Na usije ukadhani akifaulu ndiyo umemaliza. Mbwa hahamishi somo kirahisi. Gari dogo siku hizi Simba analiacha lipite, ananigeukia, anakaa, anadai chake. Lori? Lori halikutajwa kwenye makubaliano yetu. Na pikipiki, Mungu wangu, pikipiki ni kesi inayojitegemea. Kesho tunaianza upya kabisa: imezimwa, imeegeshwa, haina mtu. Mwenye pikipiki bado sijamwambia.