Mwezi wa Agosti Hauna Mkosi

Kila Agosti ikikaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Nairobi: mwezi huu una mkosi, tuombe. Orodha yenyewe tunaijua kwa moyo. Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Jaribio la mapinduzi lilikuwa 1 Agosti 1982. Bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, likaua zaidi ya watu 200. Moto wa uwanja wa ndege wa JKIA, tarehe 7 hiyohiyo, mwaka 2013. Wengine huongeza joto la siasa la Agosti 2017 na 2022. Siku hizi wameongeza na unajimu: eti ni msimu wa Simba, jua limekaa kwenye kiti chake, damu zinachemka, na waliozaliwa humo wameandikiwa vita.

Nianze na hilo jua. Nyota kumi na mbili tunazosoma leo zilipangwa na Wababeli zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na tangu hapo mhimili wa dunia umekuwa ukiyumba polepole, mzunguko mmoja ukichukua takriban miaka 26,000. Ndiyo maana tarehe 1 Agosti jua halimo kabisa katika kundi la Simba. Lingali katika Kaa, na huingia Simba karibu tarehe 10. Wanajimu wana jibu lao: wao huhesabu kwa majira, kuanzia ile siku ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana. Sawa, lakini majira ya nani? Simba ni jua la kiangazi cha Mediterania. Agosti ya Nairobi ni wingu zito mpaka saa nane mchana, sweta juu ya sweta, na watu wamejikunyata kwa mama wa uji pale steji. (Falaki ya Pwani ni elimu yenye vitabu vyake na wenyewe. Siigusi hapa.)

Marehemu nyanya yangu, kitambulisho chake kilisema 1 Januari. Kama wazee wengi wa enzi zake, alifika kwa karani akiwa na mwaka wa kukisia, karani akajaza tarehe. Kwa hesabu hiyo ya serikali, sijui ni wazee wangapi wa nchi hii ambao ni nyota ya Mbuzi! Yeye mwenyewe alijihesabu kwa nzige: alizaliwa msimu walipokula mtama wakabakisha vikonyo. Ndivyo watu wetu walivyounganisha kuzaliwa na mambo ya dunia. Wakikuyu waliipa rika la tohara jina la jambo lililotokea mwaka huo. Mjaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth, wa usiku ni Otieno, na Obama aliposhinda Novemba 2008, Kisumu ilipata akina Barack na Michelle wachanga. Tukio lilikuwa la kukumbusha wakati, basi. Hakuna aliyewahi kusema nzige walimfanya nyanya awe mlafi.

Sasa irudie orodha yenyewe. Joto la siasa la Agosti 2017 na 2022 limetoka kwenye Katiba, inayosema uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Wanajeshi wa Anga walioasi mwaka 1982 walianza alfajiri ya Jumapili, wakati sehemu ya jeshi ilikuwa mbali mazoezini Lodwar. Na 7 Agosti 1998 ilikuwa miaka minane kamili tangu askari wa Marekani waanze kuingia Saudi Arabia, jambo lililowakera al-Qaeda waliolipua ubalozi, sadfa ambayo wengi hawaamini kuwa ni sadfa. Pita siku moja kwenye bustani ya kumbukumbu, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, usome majina ukutani. Kuna watu walikodi nyumba hapa mjini, wakaunda bomu humo, wakalipakia kwenye lori na kuliendesha hadi nyuma ya ubalozi. Kumwambia aliyefiwa pale kwamba jua lilikuwa Simba ni kumtukana, na ni kuwapunguzia wauaji mzigo wao.

Halafu, mbona hakuna anayetuma orodha ile nyingine? Kenyatta huyohuyo aliachiliwa huru Agosti 1961. Michezo ya Afrika ilifanyika Kasarani Agosti 1987. Samuel Wanjiru alituletea dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki mjini Beijing, 24 Agosti 2008. Katiba mpya ilitiwa saini Uhuru Park, 27 Agosti 2010. Na kama ni damu, mbunge J.M. Kariuki aliuawa Machi 1975, waziri Robert Ouko Februari 1990, jengo la maduka la Westgate lilishambuliwa Septemba 2013. Sijaona mtu akiwaombea watu wa nyota ya Samaki wala Mashuke.

Watu wazima wanaweza kucheza mchezo huu wapendavyo, hata mimi husoma nyota gazetini nikisubiri kinyozi. Kinachoniudhi ni unapowafikia watoto. Mpwa wangu ni wa tarehe 9 Agosti, na shuleni walishamwambia kuwa amezaliwa mwezi wa maafa. Nilimwekea video ya mbio za mita 800 za Olimpiki ya London, 9 Agosti 2012: Mkenya mwenzetu David Rudisha anaongoza tangu kona ya kwanza, hakuna wa kumvutia kasi, anamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Hata aliyekuwa wa nane na wa mwisho alikimbia muda ambao ungemshindia dhahabu Sydney, Athens au Beijing. Tukaitazama mara ya pili. Akataka kujua kama Rudisha naye ni wa Agosti. La, nikamwambia, ni wa 17 Desemba, nyota ya Mshale. Hapo nakiri hata mimi nilisita kidogo.