Anga za Juu: Umma Ugharamie Kisicho na Mnunuzi

Julai 1969, siku moja kabla ya kurushwa Apollo 11, safari ya kwanza kutua watu Mwezini, mchungaji na mtetezi wa haki za raia Ralph Abernathy aliongoza familia maskini na mikokoteni ya kuvutwa na nyumbu hadi karibu na kituo cha kurushia roketi huko Florida. Mbele ya Thomas Paine, aliyekuwa mkuu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, alilalamika kwamba taifa lilikuwa linatumia mabilioni kwenda Mwezini ilhali raia wake wenyewe walikuwa wanalala njaa. Hoja hiyo ingali inasikika kila roketi inaporuka. Naiheshimu, lakini naona imebebeshwa mzigo isioweza kuumudu. Mwaka 1966 NASA ilitengewa zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali kuu ya Marekani, na leo mgawo wake haufiki hata nusu ya asilimia moja. Ingekuwa kila fedha inayoondolewa angani huenda moja kwa moja kwa wenye njaa, basi zaidi ya nusu karne ya kupunguza ingekwisha kuonyesha matokeo.

Watetezi wa safari za anga nao hawana sifa kubwa ya ukweli katika mjadala huu. Bado wapo wanaodai kwamba Teflon, utando usionata wa vikaango, ni zawadi ya wanaanga, ingawa iligunduliwa mwaka 1938, miaka 20 kabla NASA haijaundwa.

Kwa maoni yangu, swali la iwapo serikali itoe fedha au isitoe ni pana mno kuweza kujibika. La kuuliza ni kitu gani kitalipiwa na umma, na kipimo changu ni kimoja: kodi igharamie kazi yenye manufaa kwa wengi ambayo hakuna mfanyabiashara atakayeifanya, au ambayo akiifanya itaharibika.

Mfano unaonishawishi zaidi ni setilaiti za Landsat, ambazo tangu mwaka 1972 zimekuwa zikipiga picha za misitu, mashamba na mito ya dunia nzima. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuukabidhi mpango huo kwa sekta binafsi, na kampuni iliyoupokea ikapandisha bei hadi picha moja ikazidi dola 4,000. Watafiti wengi waliacha kununua, wateja waliobaki hawakutosha kugharamia setilaiti mpya, na mwaka 1992 sheria nyingine ikaurudisha mpango serikalini. Kisha, mwaka 2008, picha zote zikaanza kutolewa bure, zikiwemo za miongo iliyotangulia. Zilizokuwa zikichukuliwa kwa makumi kwa siku zikaanza kuchukuliwa kwa maelfu. Setilaiti zilikuwa zilezile, wala ardhi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mlipakodi, aliyekuwa amekwisha kuzilipia, hakudaiwa tena mara ya pili.

Kinga dhidi ya asteroidi, yale mawe makubwa ya angani yanayoweza kuigonga Dunia, nayo haina soko. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligongeshwa makusudi kwenye Dimorphos, asteroidi ndogo inayozunguka nyingine kubwa zaidi, na muda wa mzunguko wa jiwe hilo ukapungua kwa zaidi ya dakika 30, kwa gharama ya zaidi kidogo ya dola milioni 300.

Kwa kipimo hichohicho, SLS, roketi kubwa ya NASA ya kupeleka watu Mwezini, inanitia mashaka makubwa. Mwaka 2022 Mkaguzi Mkuu wa NASA alilieleza Bunge kwamba kila moja ya safari zake za mwanzo, pamoja na Orion, chombo cha kubebea wanaanga, ingegharimu takriban dola bilioni 4.1, kiasi kinachotosha kulipia DART zaidi ya kumi. Injini zake za mwanzo zilichukuliwa kutoka Space Shuttle, vyombo vya zamani vya NASA vya kubeba wanaanga, ambako zilibuniwa zitumike tena na tena. Sasa zinatupwa baharini baada ya safari moja. Kurusha mizigo ni kazi ambayo tayari kampuni zinaishindania kwa bei, na sioni sababu ya umma kuendelea kuimiliki kwa gharama hiyo, isipokuwa kwamba mikataba yake imesambazwa katika majimbo mengi na hakuna mbunge anayetaka kupoteza ajira za kwao.

Sisemi kwamba binadamu hana kazi angani. Darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990 ikiwa na kasoro kwenye kioo chake, isingeona vizuri kama wanaanga wasingeifuata Desemba 1993 kuirekebisha. Hata hivyo, safari ile ilikuwa na kazi mahususi, na ilikuwa kazi ya sayansi.

Ndiyo maana pendekezo la bajeti lililotolewa na Ikulu ya Marekani mwaka 2025 lilinishangaza: lilitaka kukata karibu nusu ya fedha za sayansi za NASA, huku fungu la safari za binadamu likiongezwa. Miongoni mwa vilivyopangwa kusitishwa ni OCO-2, setilaiti inayopima kaboni dioksidi na inayofanya kazi tangu mwaka 2014. Gharama kubwa za kuiunda na kuirusha zilikwisha kulipwa zamani, vipimo vyake hutolewa bure, na sijui mfanyabiashara gani angejitokeza kuichukua.